Kuhamisha Jina la Kikoa Bila Kukwama: Siku za Kungoja, Kufuli na Mpangilio wa Hatua

Anayetaka kuhamisha jina la kikoa, yaani jina la tovuti kama mfano.com, kutoka kwa msajili mmoja kwenda kwa mwingine kwa kawaida huulizia kwanza bei, kisha msimbo wa uidhinishaji, na suala la siku hulikumbuka baada ya ombi lake kukataliwa. Mwongozo huu unaanza na siku, kwa kuwa hatua zenyewe ni chache na hazina ugumu, lakini hatua ileile ikifanywa kabla ya wakati wake inaweza kukufungia mlango kwa miezi miwili mizima, na mara nyingi hakuna mtu wa kuufungua kabla ya siku hizo kwisha.

Ni vizuri kwanza kuwatofautisha wahusika, maana watu wengi humlaumu asiyehusika. Mmiliki ni wewe, mtu au kampuni ambayo jina limeandikwa kwake. Msajili ni kampuni uliyoilipa na ambayo unaingia kwenye dashibodi yake. Rejista ni taasisi inayotunza orodha kuu ya majina yote ya kikoa fulani cha juu, yaani ile sehemu ya mwisho ya jina; kwa .com na .net rejista hiyo ni Verisign. Kwa vikoa vya juu vya aina hii, yaani .com, .net, .org, .info na vinginevyo vingi visivyo vya nchi, kanuni za uhamisho zimewekwa na ICANN, shirika la kimataifa linaloratibu majina ya mtandao, katika sera ya uhamisho iliyoanza kutumika Novemba 2004 na kuongezewa sehemu nzito Desemba 2016. Karibu yote nitakayoeleza hapa yanatoka katika sera hiyo. Vikoa vya nchi kama .tz, .ke na .uk haviko chini yake, nami nitavigusia baadaye kwa ufupi.

Siku 60, mara tatu

Kipindi cha siku 60 kinatajwa katika nafasi tatu tofauti, na kuzichanganya ndicho chanzo cha malalamiko mengi.

Nafasi ya kwanza ni baada ya jina kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Katika siku 60 za mwanzo msajili anaruhusiwa kukataa uhamisho, na kwa kawaida hukataa. Lengo ni kumzuia mwizi aliyesajili jina kwa kadi ya mtu mwingine asilikimbize kwa kampuni nyingine kabla ya benki kurudisha fedha. Nafasi ya pili ni baada ya uhamisho wenyewe: jina likishahamia kwa msajili mpya, siku 60 nyingine huanza, na ndani yake usitarajie kulihamishia kwa msajili wa tatu. Hapa pia sababu ni wizi, kwa kuwa jina lililoibwa likiruka kampuni tatu ndani ya wiki moja, kulifuatilia na kulirudisha kwa mwenyewe kunakuwa kazi ngumu mno.

Nafasi ya tatu ndiyo inayowanasa watu makini, na hiyo ndiyo iliyoongezwa mwaka 2016. Ukibadilisha taarifa za mmiliki, msajili analazimika kulifunga jina lisihame kwa siku 60, isipokuwa kama uliomba kuondolewa katika kufuli hilo kabla ya kuomba mabadiliko, na kama msajili huyo anatoa nafasi hiyo. Mabadiliko yanayohesabika ni ya jina la mmiliki, jina la kampuni au taasisi, na anwani ya barua pepe ya mmiliki. Kurekebisha kosa dogo la tahajia katika jina hakuhesabiki, na kubadilisha namba ya simu au anwani ya posta peke yake hakuhesabiki pia. Barua pepe haina msamaha huo: badiliko lolote katika anwani ya barua pepe ya mmiliki ni badiliko kamili.

Nalisema hili kwa uchungu wa mtu aliyelipia. Niliwahi kuwasaidia ndugu wawili wenye nyumba ya wageni Bagamoyo, ambao jina lao la .com lilikuwa limesajiliwa kwa barua pepe ya mfanyakazi aliyekwisha kuacha kazi. Zilikuwa zimebaki siku 48 kabla ya usajili kwisha, na bei ya kuhuisha kwa msajili wao ilikuwa imepanda mno. Niliwashauri turekebishe barua pepe kwanza ili mambo yote yawe yamenyooka, kisha tuhame. Chini kabisa ya ile fomu palikuwa na kisanduku kidogo cha kuomba kutofungiwa. Sikukisoma wala sikukitia alama. Tulipothibitisha mabadiliko, dashibodi ilionyesha palepale kwamba jina limefungwa kwa siku 60, yaani hadi siku 12 baada ya usajili wenyewe kwisha. Wakalazimika kumlipa msajili wa zamani mwaka mwingine mzima kwa bei waliyokuwa wanaikimbia. Kosa lilikuwa langu, na tangu hapo sigusi taarifa za mmiliki kabla ya uhamisho kukamilika.

Kanuni ninayoifuata sasa ni hii: hamisha kwanza, kisha badilisha jina na barua pepe ukishafika. Hata pale ambapo barua pepe iliyoandikwa haifunguki tena, mara nyingi inawezekana kuhama bila kuibadilisha, kwa sababu wasajili wengi huonyesha msimbo ndani ya dashibodi, na ujumbe wa uthibitisho usipojibiwa uhamisho huendelea wenyewe, kama nitakavyoeleza. Ikiwa huna njia ila kubadilisha, soma fomu hadi mstari wa mwisho ukitafuta nafasi ya kuomba kutofungiwa. Kama haipo, hesabu siku 60 na upange kuhuisha usajili pale ulipo. Jihadhari pia na huduma ya kuficha taarifa za mmiliki. Kuiwasha au kuizima kunaweza kubadilisha jina na barua pepe zinazoonekana, na wasajili hawalichukulii jambo hilo kwa namna moja, kwa hiyo muulize wako kwa maandishi kabla ya kubonyeza.

Kusoma tarehe sawasawa

Kabla ya kuomba chochote, tafuta taarifa za jina lako kwenye ukurasa wa utafutaji wa ICANN, lookup.icann.org, ambao hutumia RDAP, itifaki ya kutafuta taarifa za majina iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, WHOIS, kwa vikoa hivi Januari 2025. Utaona tarehe ya kusajiliwa, tarehe ya kwisha na tarehe ya badiliko la mwisho. Tarehe ya badiliko la mwisho isikubabaishe. Inasogea hata ukibadilisha tu seva za majina, yaani kompyuta zinazoelekeza jina kwenye tovuti na barua pepe zako, na haiwezi kutumika kuhesabia siku 60.

Tarehe hizi huandikwa kwa saa za kimataifa, na herufi Z iliyo mwishoni ndiyo ishara yake. Tuseme umeona kwamba jina lilisajiliwa 2025-03-03T22:40:00Z. Kwa saa za Afrika Mashariki tumetangulia kwa saa tatu, kwa hiyo jina hilo kwetu lilisajiliwa tarehe 4 Machi, saa 7:40 usiku. Siku 60 kamili zinatimia tarehe 2 Mei saa 22:40 za kimataifa, ambayo kwetu ni usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei. Aliyehesabu kwa vidole kuanzia tarehe 3 Machi akaomba uhamisho asubuhi ya tarehe 2 Mei atakataliwa, na pengine atadhani mfumo una hitilafu. Mimi huongeza siku moja nzima juu ya hesabu, halafu ndipo ninaomba.

Tarehe ya kufuli la tatu, lile la kubadilisha mmiliki, huenda usiione huko, kwa sababu mabadiliko ya mmiliki yanatunzwa na msajili. Itafute ndani ya akaunti yako au katika barua pepe ya uthibitisho uliyotumiwa siku ile.

Ukurasa huohuo utakuonyesha hali za jina, na mbili kati ya hizo zinastahili kutofautishwa kwa makini. Ukiona "clientTransferProhibited", hilo ni kufuli la kawaida ambalo msajili huliweka karibu kwa kila jina ili lisihamishwe bila ridhaa, na wewe mwenyewe unaweza kulifungua kwenye dashibodi. Likiwa halifunguki hapo, ukaliomba kwa maandishi, msajili anatakiwa alifungue ndani ya siku 5. Ukiona "serverTransferProhibited", kufuli hilo limewekwa na rejista, na hakuna kitufe chochote cha kwako kitakacholing'oa. Mara nyingi linatokana na mgogoro wa kisheria, amri ya mahakama, au huduma ya ulinzi wa ziada ambayo mwenye jina alilipia. Na "pendingTransfer" maana yake ni kwamba uhamisho umekwisha kuombwa na unasubiri. Kama hukuuomba wewe, mpigie msajili wako simu saa hiyohiyo.

Msimbo na zile siku 5

Kufuli likishafunguliwa, chukua msimbo wa uidhinishaji. Huu ni mfuatano wa herufi, tarakimu na alama unaofanya kazi kama ufunguo wa jina, na yeyote aliye nao pamoja na jina lililofunguliwa anaweza kuomba uhamisho. Usiutume kwa WhatsApp kwenye kundi la ofisi wala usimpe fundi kabla ya siku ya kazi. Msajili asiyeuweka kwenye dashibodi anapaswa kukupa ndani ya siku 5 za kalenda tangu ulipouomba, na siku hizo zinahesabiwa pamoja na Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Unaponakili, angalia nafasi tupu iliyojificha mwanzoni au mwishoni, na utofautishe sifuri na herufi O. Maombi mengi yanayorudishwa kwa sababu ya msimbo batili hayana tatizo jingine.

Ukishampa msajili mpya msimbo na kulipa, ombi linakwenda rejista, na msajili wa zamani anakuandikia akuulize kama kweli unataka kuondoka. Hapa ndipo kipindi cha siku 5 za kalenda kinapoanza. Ukikataa, uhamisho unasimama. Ukikaa kimya, kimya chako kinahesabiwa kuwa ridhaa, na baada ya siku 5 rejista inakamilisha uhamisho yenyewe. Wasajili wengi huweka kiungo au kitufe cha kuridhia mapema, na ukikitumia jina linaweza kuhama ndani ya saa chache. Msajili mpya hana uwezo wa kufupisha siku hizo, kwa hiyo usimsumbue yeye. Uharakishaji, kama upo, uko kwa yule unayemwacha.

Kanuni hiyo ya ukimya ina upande wake wa hatari. Mtu asiyefungua barua pepe yake kwa wiki moja anaweza kuibiwa jina akiwa hana habari, mradi mwizi ameupata msimbo na jina halikuwa limefungwa. Ndiyo maana naona si busara kuliacha jina wazi kwa ajili ya uhamisho ambao bado hujaupangia siku. Lifungue siku ileile unayoomba.

Karibu na tarehe ya kwisha

Uhamisho wa .com huongeza mwaka mmoja kwenye usajili, na ndiyo sababu unalipishwa. Mwaka huo unaongezwa juu ya muda uliobaki, kwa hiyo kuhama miezi minne kabla ya kwisha hakukupotezei hiyo miezi minne. Kikomo ni miaka 10. Rejista haiongezi kupita hapo.

Ugumu unakuja ukishavuka tarehe ya kwisha. Kwa .com na nyingine nyingi, rejista hulihuisha jina yenyewe tarehe hiyo ikifika, kisha inampa msajili siku 45 za kuamua kama ataliacha au ataliendeleza. Tuseme umemlipa msajili wa zamani mwaka mmoja baada ya tarehe hiyo kupita, halafu ukahamisha jina ndani ya siku hizo 45. Ule mwaka uliohuishwa unafutwa, na kinachobaki ni mwaka mmoja tu ulioletwa na uhamisho. Umelipa mara mbili na kupata mwaka mmoja. Rejista humrudishia msajili wa zamani ada yake, lakini kama yeye atakurudishia ya kwako ni suala la mkataba wenu, na wengi wamesubiri bila kupata kitu. Aliyehuisha kabla ya tarehe ya kwisha hapatwi na hasara hii. Aliyechelewa na akalipia kwa msajili wa zamani, kama kufuli jingine halimzuii, ni afadhali avute subira siku 45 zipite ndipo ahame.

Ukiwa umechelewa zaidi, jina likafutwa na msajili, linaingia katika kipindi cha ukombozi cha siku 30, na humo haliwezi kuhamishwa. Kwanza lazima likombolewe na msajili yuleyule, kwa ada iliyo kubwa kuliko usajili wa kawaida. Baada ya hapo zinafuata siku 5 za mwisho ambazo hakuna anayeweza kulifanyia chochote, kisha linaachwa kwa yeyote atakayewahi. Kwa hesabu hizi zote, muda ninaoupendekeza wa kuanza uhamisho ni miezi miwili kabla ya kwisha, au zaidi. Ukianza wiki ya mwisho, kikwazo kimoja tu, kama msimbo uliocheleweshwa kwa siku 5 na kufuatiwa na siku 5 za uthibitisho, kinatosha kukuvusha tarehe.

Tovuti na barua pepe zisizime

Uhamisho wa msajili peke yake hauhamishi tovuti wala hauzimi barua pepe, kwa sababu seva za majina hubaki zilezile zilizoandikwa. Hatari iko kwa wale wanaotumia seva za majina za bure za msajili wanayemwacha. Siku jina likiondoka, msajili huyo anaweza kufuta rekodi zote za DNS, yaani maelekezo yanayotolewa na seva hizo, na wateja wakaanza kukuambia kuwa barua zao zinarudi. Kwa hiyo, kabla ya kuomba uhamisho, nakili kila rekodi: A, CNAME, MX, na hasa zile za TXT zinazobeba SPF na DKIM, ambazo huthibitisha kwamba barua kweli imetoka kwako, maana hizo husahaulika kuliko zote na bila hizo barua zako zinaishia kwenye taka. Ziweke kwenye huduma nyingine ya DNS, elekeza jina huko, ngoja siku mbili, hakikisha kila kitu kinajibu, ndipo uanze uhamisho. Kubadilisha seva za majina hakuanzishi kufuli la siku 60. Kama jina lina DNSSEC, saini ya kidijitali inayolinda rekodi za DNS, iondoe kabla ya kubadilisha huduma ya DNS na uirudishe baadaye, kwani saini ya zamani ikikutana na funguo mpya jina lote litaonekana batili.

Vikoa vya nchi

Kwa .co.tz, .co.ke na vingine vya nchi, usibebe hesabu za .com ukadhani zinafaa huko. Kila rejista ya nchi ina kanuni zake; ya Kenya, kwa mfano, ni KeNIC, na msajili aliyeidhinishwa nayo ndiye wa kuulizwa kuhusu muda na masharti. Tofauti inaweza kuwa kubwa sana: kwenye .uk kwa miaka mingi hapakuwa kabisa na msimbo wa kumpa msajili mpya, bali msajili wa zamani ndiye aliyebadilisha alama ya utambulisho ya msajili iliyo kwenye jina, na jina likahama. Mwenye biashara aliye na .com na .co.ke kwa pamoja apange uhamisho wa kila moja peke yake.

Ukikataliwa

Msajili anayekataa uhamisho lazima akueleze sababu, na sababu zenyewe zimewekewa mipaka. Lazima akatae ikiwa jina liko katika shauri la UDRP, utaratibu wa kusuluhisha migogoro ya majina ya vikoa, limezuiwa na mahakama, au liko ndani ya kufuli la kubadilisha mmiliki. Anaweza kukataa ikiwa kuna ushahidi wa udanganyifu, ubishi wa msingi kuhusu nani mmiliki, deni la kipindi cha usajili kilichokwisha kupita, au kama siku 60 tangu jina kusajiliwa au kuhamishwa hazijatimia. Hana ruhusa ya kukataa kwa sababu hukulipia mwaka ambao haujaanza, wala kwa sababu tu hukujibu ujumbe wake wa uthibitisho. Akikuzungusha kuhusu msimbo au akitoa sababu isiyokuwa miongoni mwa hizo, mwandikie ukimtaka ataje kifungu cha sera anachokitegemea, tunza tarehe za kila barua, kisha peleka malalamiko ya uhamisho kwa kitengo cha ICANN kinachosimamia utekelezaji wa mikataba, kupitia fomu iliyo kwenye tovuti yake. Weka picha za skrini zinazoonyesha hali ya jina siku hiyo. Malalamiko yenye tarehe na picha hushughulikiwa. Yenye hasira peke yake hurudishwa yakiombwa ushahidi.

Uhamisho ukikamilika, tafuta tena jina lako kwenye lookup.icann.org. Msajili anayeonekana awe ni yule mpya, tarehe ya kwisha iwe imesogea mwaka mmoja mbele, na seva za majina ziwe zile ulizoziacha. Lifunge jina papo hapo. Siku 60 mpya zimeanza, kwa hiyo hupangi kuhama hivi karibuni. Kama kulikuwa na barua pepe ya mfanyakazi wa zamani uliyokuwa unangoja kuiondoa, iondoe leo, maana kufuli litakaloletwa na badiliko hilo litakwenda sambamba na hili lililokwisha kuanza.